Fuwele Zenye Viungo Virefu

Chombo chenyewe si cha ajabu: kopo nene la chuma lenye kifuniko cha kukaza, na ndani yake kikombe cha plastiki ngumu isiyodhuriwa na dawa. Mkemia anatia humo kloridi ya metali, tuseme ya zinki, anaongeza maji, kisha kiasi kilekile cha kiyeyushi kiitwacho dimethaili fomamaidi. Anakaza kifuniko, analiweka kopo kwenye tanuri la nyuzi 140 za Selsiasi, anakwenda zake.

Ndani ya joto lile kiyeyushi hakivumilii. Maji yanakivunja vipande viwili: kimoja ni fometi, chembe ndogo yenye kaboni moja, oksijeni mbili na haidrojeni moja, kingine ni ioni ya dimethailiamonia. Kimiminika kikipoa na kuachwa kitulie, fuwele zinaanza kujijenga. Fometi zimeshika zinki huku na huku, zikawa kiunzi chenye nafasi wazi katikati, na katika kila nafasi imeingia dimethailiamonia moja. Kwa hiyo kile kilichowekwa kiyeyushe tu ndicho kilichotoa viungo vya jengo, na ndicho hichohicho kilichotoa mkaaji wake.

Mwaka 2008 Prashant Jain na wenzake, akiwemo Anthony Cheetham, na Harold Kroto aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996 kwa molekuli ya kaboni 60, walichapisha habari za fuwele hii katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani. Walisema wazi kwamba mpangilio wake ni wa perovskaiti. Hapo ndipo mazungumzo ya leo yanapoanzia, maana fuwele ya zinki na fometi haifanani hata kidogo kwa sura na jiwe lililolipatia kundi hili jina.

Jiwe hilo lilitoka milima ya Ural, nchini Urusi. Mjerumani Gustav Rose alilieleza mwaka 1839 na kulipa jina la Lev Perovski, mheshimiwa wa serikali ya Urusi aliyependa kukusanya madini. Ni kalsiamu, titaniamu na oksijeni tatu, basi. Lakini namna atomu hizo zilivyopangwa imekuja kuonekana katika mamia ya vitu vingine, kuanzia vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu hadi madini ya kina kirefu cha dunia.

Msikilizaji ajijengee picha hii polepole. Weka atomu moja ya metali. Izungushie majirani sita: mmoja mbele, mmoja nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Ukiunganisha majirani hao kwa mistari unapata umbo lenye nyuso nane na ncha sita. Sasa jenga umbo jingine kama hilo pembeni, lakini usiliongezee jirani mpya pale yanapogusana. Ncha moja itumiwe na maumbo yote mawili. Endelea hivyo kila upande. Kwa kuwa kila ncha ina wenyewe wawili, zile sita za metali moja zinahesabika tatu, na ndiyo maana kuna oksijeni tatu kwa kila titaniamu. Katikati ya maumbo manane yaliyokutana kunabaki uwazi, na humo ndimo kalsiamu inapokaa.

Oksijeni katika jengo hili ni atomu moja, nukta tu. Je, mahali pake pakiwekwa molekuli nzima, yenye mwanzo na mwisho, itakuwaje?

Jibu la kwanza lilipatikana kabla hata ya mtu kujua kuwa kuna swali. Mwanzoni mwa karne ya 18, mjini Berlin, mtengeneza rangi aliyeitwa Diesbach aliharibikiwa na rangi nyekundu aliyokuwa akiitengeneza, akapata buluu iliyokolea. Buluu hiyo ya Prussia ikasambaa kwa wachoraji na wapaka rangi wa dunia nzima. Muundo wake ulikaa gizani kwa zaidi ya miaka 200, hadi mwaka 1936 J. F. Keggin na F. D. Miles walipoupiga unga wake miale ya eksirei. Waliona kwamba atomu za chuma zimejipanga kwenye pembe za michemraba, na kila jozi ya chuma jirani imeunganishwa na sianidi, yaani kaboni moja na nitrojeni moja zilizoshikana barabara. Kutoka chuma hadi chuma ni nanomita 0.5 hivi. Katika perovskaiti ya kawaida ya oksijeni, metali mbili jirani huachana kwa nanomita 0.4 tu.

Sianidi ni jina la kutisha, na si bure. Ndiyo inayowafanya watu waloweke mihogo michungu siku kadhaa na kuianika kabla ya kusaga unga. Ndani ya buluu ya Prussia, hata hivyo, imeshikwa na chuma kwa nguvu kiasi kwamba haitoki, na hospitali huwapa wagonjwa rangi hiyo wameze. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, mashine ya zamani ya matibabu ya saratani ilivunjwa na watu waliotafuta vyuma chakavu, na unga wa sesiamu yenye mionzi ukaenea majumbani. Watu 46 walipewa buluu ya Prussia. Sesiamu ikifika kwenye utumbo hunaswa na dawa hiyo, ikatoka nayo mwilini kwa njia ya choo badala ya kurudi kwenye damu. Uwazi uleule unaokaliwa na kalsiamu katika jiwe la Ural, hapa unafanya kazi ya mtego.

Kuna jambo jingine kuhusu rangi hiyo ambalo limewasumbua wataalamu mpaka juzi. Hesabu ya chaji inataka robo moja ya vifundo vya chuma na sianidi zake visiwepo, na nafasi zake zijazwe maji. Je, nafasi hizo tupu zimetawanyika ovyo? Mwaka 2020 Arkadiy Simonov, Andrew Goodwin na wenzao walionyesha katika jarida la Nature kuwa hapana, angalau katika fuwele za muundo huohuo zenye metali nyingine. Walipotazama si madoa makali ya eksirei peke yake bali pia ukungu hafifu ulio kati ya madoa hayo, waliona mapengo yanafuata kanuni, na kanuni hiyo hubadilika kulingana na metali iliyotumika na jinsi fuwele ilivyokuzwa. Kwa anayetaka kupitisha gesi au ioni za betri ndani ya kiunzi hiki, tofauti hiyo ni kubwa mno. Mapengo yaliyopangana hutoa njia, mengine yanaziba.

Baada ya sianidi, familia ya viungo imekua. Fometi ndiyo iliyofanyiwa kazi zaidi, pengine kwa sababu ni rahisi kuipata. Aliyewahi kupanda mwembe akavamiwa na wale chungu wanaoshona majani, ambao watu wa pwani huwaita maji moto, ameshaionja asidi ya fomiki kwenye ngozi. Ikipoteza haidrojeni yake moja ndiyo huwa fometi. Kuna azidi, yenye nitrojeni tatu mfululizo, ambayo mkemia mwenye busara huikuza kwa vijipunje vidogo tu kwa sababu hulipuka. Kuna haipofosfaiti, iliyoingia kundini mwaka 2017. Halafu kuna disianamidi, ndefu yenye kona, ambayo itarudi baadaye katika mazungumzo haya.

Hapa inafaa kuondoa mkanganyiko mmoja. Perovskaiti inayotajwa sana magazetini ni ile ya paneli za sola: risasi, iodini na molekuli ndogo ya methailiamonia. Dieter Weber aliieleza huko Stuttgart mwaka 1978, na mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake wa Japani wakaipatia umeme wa kwanza, asilimia 3.8 tu ya nguvu ya mwanga. Leo seli za aina hiyo zimevuka asilimia 26 maabara. Ni ndugu wa hizi tunazozisimulia, lakini wa tawi jingine, kwa kuwa mkaaji wake ni molekuli ila kiungo chake ni atomu moja ya iodini. Sifa zote zimekwenda kwake. Kwa nchi zenye jua na joto, ndugu zake wasiosikika huenda wakawa na cha kusema pia.

Kiungo kirefu kinabadilisha nini, basi? Kinabadilisha ruhusa ya kuzunguka. Katika perovskaiti ya oksijeni, maumbo mawili jirani yanatumia ncha moja, na moja likizunguka kulia lazima jingine lizunguke kushoto. Mwaka 1972 Michael Glazer aliorodhesha njia zote ambazo maumbo hayo yanaweza kuinama kwa pamoja, akapata mifumo 23, na wanafunzi wa fuwele wameikariri tangu hapo. Watu wawili waliofungwa kiwiko kwa kiwiko wanaishi kwa sheria hiyo. Wape fimbo, kila mmoja ashike ncha yake, na sheria inakufa: sasa wote wawili wanaweza kugeukia upande mmoja.

Ndivyo ilivyoonekana. Mwaka 2016 Samuel Duyker na wenzake walieleza fuwele yenye amonia, strontiamu, chuma na sianidi, pamoja na maji kidogo, ambamo maumbo yameinama kwa namna ambayo orodha ya Glazer haiiruhusu. Jambo la kufurahisha zaidi ni kilichotokea fuwele hiyo ilipokaushwa. Maji yalipotoka, maumbo yalirudi kwenye mwinamo wa kisheria. Maji yaliporudi, maumbo yakainama tena kinyume cha sheria. Molekuli chache za maji zilitosha kugeuza msimamo wa jengo zima.

Mwaka huohuo Hanna Boström, Joshua Hill na Goodwin walionyesha mwendo mwingine usiowezekana kwenye jiwe la Ural: safu nzima ya maumbo inateleza juu au chini ukilinganisha na safu ya jirani, bila kifungo chochote kukatika. Viungo vinalala tu upande kidogo. Mtu anaweza kuuliza faida yake ni nini. Ni kwamba kila namna ya kupinda inaondoa ulinganifu fulani katika fuwele, na ulinganifu ukipotea kwa namna inayofaa, fuwele inaweza kupata ncha chanya na hasi za umeme, au kuunganisha umeme wake na usumaku. Mhandisi wa oksaidi ana funguo chache za kuchezea. Huyu wa molekuli kaongezewa shada zima.

Turudi kwenye ile fuwele ya zinki, kwa sababu mkaaji wake naye ana vituko. Kwenye joto la chumba, picha ya eksirei inaonyesha nitrojeni tatu ndani ya kila uwazi, ilhali kemia inaruhusu moja tu. Hakuna kosa la mashine. Dimethailiamonia ina nitrojeni katikati na kaboni mbili pembeni, na imekuwa ikiruka kutoka mkao mmoja kwenda mwingine kuzunguka mhimili wake. Eksirei inajumlisha mabilioni ya mikao, na picha inatoka na nitrojeni theluthi-theluthi katika sehemu tatu. Ukiipoza fuwele hadi kelvini 156, yaani nyuzi 117 chini ya sifuri ya Selsiasi, vifungo vya haidrojeni kati ya mkaaji na fometi vinashinda. Mruko unakoma, kila molekuli inachagua mkao wake, na kiunzi kinajikunja kuufuata. Ukibadili zinki kwa manganizi, mambo hayo hutokea mapema zaidi wakati wa kupoza, kwenye kelvini 185.

Kuiona haidrojeni yenyewe ni kazi. Eksirei hurudishwa na elektroni, na haidrojeni ina elektroni moja tu. Karibu na manganizi yenye 25 haionekani vizuri. Ndiyo maana fuwele hizi husafirishwa hadi kwenye vituo vya nyutroni, kama kile cha Grenoble nchini Ufaransa au ISIS katika eneo la Oxfordshire, Uingereza. Nyutroni hazijali elektroni. Zinagonga kiini cha atomu, na mara nyingi wakemia huweka deteriamu, haidrojeni nzito, mahali pa ile ya kawaida ili picha itoke safi.

Swali la mkemia yeyote mvivu, na wazuri wengi ni wavivu kwa maana hii, ni kama anaweza kujua mapema mchanganyiko upi utajenga perovskaiti na upi utamharibia wiki. Kwa mawe, Victor Goldschmidt alitoa kanuni mwaka 1926: pima ukubwa wa ioni tatu, tia kwenye hesabu fupi, na jibu likiangukia kati ya 0.8 na 1 kuna matumaini. Lakini molekuli si mpira, na nusu kipenyo cha dimethailiamonia si kitu cha kupima kwa rula. Gregor Kieslich, Shijing Sun na Cheetham walilitatua hilo mwaka 2014 kwa kuikubali hali ilivyo: mkaaji anayezungukazunguka achukuliwe kuwa tufe, kiungo kirefu kiwe mcheduara. Mwaka uliofuata walipitisha kwenye hesabu hiyo zaidi ya michanganyiko 2,500 ya mkaaji, metali na kiungo. Zaidi ya 600 kati ya ile ambayo hakuna aliyewahi kuitengeneza ilionekana inawezekana. Kanuni ya namna hii haikuhakikishii kitu, lakini inakuambia pa kuanzia.

Sasa disianamidi. Kiungo hiki kina atomu tano mfululizo, na metali zake mbili huachana kwa karibu nanomita 0.8, maradufu ya zile za oksijeni. Uwazi unaobaki ni mkubwa kiasi cha kumeza tetrapropailiamonia, nitrojeni moja yenye mikia minne, kila mkia kaboni tatu. Fuwele yenye manganizi, disianamidi na mkaaji huyo ilichunguzwa katika Chuo Kikuu cha A Coruña, kaskazini-magharibi mwa Hispania, na kundi la María Antonia Señarís-Rodríguez. Mwaka 2017 Juan Manuel Bermúdez-García na wenzake wakaonyesha kitu ambacho hakikuwa kimejaribiwa katika familia hii: kuibana ili ipoze.

Utaratibu wake ni huu. Chini ya kelvini 330, mikia na viungo vimetulia katika mpangilio mmoja. Juu ya hapo vinachachamaa, vinachukua mikao mingi, na fuwele inavimba. Machafuko hayo yana gharama, na gharama yake ni joto linalofyonzwa kutoka nje. Ukiibana fuwele iliyovimba, inalazimika kurudi kwenye mpangilio na inatema joto hilo. Ukiiachia, inachafuka upya na kulivuta joto kutoka kwa kilicho jirani yake. Ndiyo mzunguko wa friji, ila hapa kinachobanwa ni kitu kigumu na si gesi. Kilo moja ya fuwele hii hubadili entropia yake, yaani kipimo cha machafuko hayo, kwa jouli 37 kwa kila kelvini, na shinikizo linalotosha halifiki hata mara 70 ya lile la hewa ya kawaida. Vitu vigumu vingi vilivyojaribiwa kabla yake vilidai mara elfu na zaidi, shinikizo la mitambo mikubwa isiyoingia jikoni kwa mtu.

Anayejiuliza haja ya friji isiyo na gesi akumbuke mkutano wa Kigali. Tarehe 15 Oktoba 2016 nchi zilizokutana katika mji mkuu wa Rwanda zilikubaliana kurekebisha Itifaki ya Montreal ili kupunguza hatua kwa hatua gesi za haidrofluorokaboni. Gesi hizo hazitoboi tabaka la ozoni, na ndiyo sababu zilipokelewa kwa shangwe, lakini kilo moja ya R-134a, iliyojaa kwenye mafriji na magari ya huku kwetu, hupasha hewa ya dunia kiasi cha kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa muda wa miaka 100. Fuwele iliyoko ndani ya kopo haivuji. Friji ikitupwa jalalani, fuwele inabaki pale ilipo ikisubiri mtu aiokote.

Hata hivyo asije mtu akaenda dukani kuiulizia. Kelvini 330 ni nyuzi 57 za Selsiasi, joto linalofaa labda kwa mtambo wa kiwandani lakini si kwa kuhifadhi maziwa. Kubadili metali hubadili joto la mgeuko, na makundi kadhaa yameshika njia hiyo kwa kuweka chuma, kobalti, nikeli au kadimiamu. Kadimiamu, bila shaka, ni sumu inayoleta shida nyingine.

Kikwazo kigumu zaidi kiko kwenye upitishaji wa joto. Mwaka 2021 kundi la Thomas Bennett wa Cambridge liliripoti kwamba viunzi vya disianamidi vya aina hii vinaweza kuyeyuka kabla ya kuungua, na vikipoa haraka vinakuwa kioo: metali bado imeshikwa na viungo, ila mpangilio wa mbali umepotea. Walipopima jinsi vioo hivyo vinavyopitisha joto walipata takriban wati 0.2 kwa mita kwa kelvini, kiwango cha plastiki. Kwa anayetaka kuzuia joto hiyo ni habari njema. Kwa anayejenga friji, kama fuwele nazo ziko hivyo, ni balaa, kwani joto lililotemwa ndani ya punje lazima litoke nje upesi kabla mzunguko unaofuata haujaanza, na punje isiyopitisha joto inaufanya mtambo mzima usubiri. Wahandisi wanajaribu kulipunguza tatizo kwa kuzisaga fuwele ziwe unga laini na kuzizamisha katika mafuta yanayobeba shinikizo na joto kwa pamoja, na bado unene wa punje moja ndio unaoamua mtambo utazunguka mara ngapi kwa dakika.